Vichwa Visivyouzwa

Miezi mitatu niliyokaa Ulaya nikihesabu miaka ya samaki, sikukutana na mtu hata mmoja pale maabara aliyewahi kupasua kichwa cha samaki kwa sababu ya njaa. Nilianza kuwadharau siku ya pili. Siku ya kwanza nilikuwa na baridi mno, sikupata nafasi ya kumdharau mtu.

Msimu ule waliuita majira ya joto. Mimi nilivaa sweta mbili na soksi za kaka yangu, nikatoka hosteli kwenda chuoni kwao, na njiani watu walikuwa wamelala kwenye nyasi nusu uchi, wamejianika kama samaki wa ng'onda. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sayansi ya viumbe, mzaliwa wa Chara, kwenye delta ya Tana, mtoto wa mvuvi ambaye pia hulima mpunga mwaka ambao mto umekubali. Nafasi ile ya mafunzo ya utafiti niliipata kwa sababu profesa wao alitaka mwanafunzi anayetoka kwenye eneo la utafiti. Eneo la utafiti lilikuwa nyumbani kwetu.

Profesa alikuwa mrefu, mpole, sauti yake ya chini chini. Upole wake ulinikera kuliko ambavyo ukali ungenikera. Ofisini mwake alitundika picha kubwa ya yeye mwenyewe akiwa amesimama matopeni na viatu vya mpira hadi magotini. Alikuwa amefika kwetu mara moja, kwa siku nne. Alilala Garsen, akaletwa Chara kwa gari, akalitazama ziwa letu kutoka ukingoni, kwa kuwa hakukubali kuingia mtumbwini bila koti la kujiokolea, na koti lenyewe lilisahaulika Malindi. Habari hizo nilipewa na Baba. Kijiji kizima kilicheka wiki nzima.

"Mto wangu haujambo?" aliniuliza siku tuliyokutana.

Nikamjibu kwamba mto wake haujambo, unamsalimia.

Hao wengine sitawaeleza sana, hawana maajabu. Kila mmoja aliandika jina lake kwenye chupa ya maziwa yake na kuiweka kwenye friji ya pamoja. Watu wazima, wenye shahada tatu tatu, wanaogopana maziwa. Juu ya sinki palibandikwa karatasi ya kuwakumbusha kuosha vikombe, na vikombe havikuoshwa. Mwanafunzi mwenzangu, kijana wa kwao aliyekuja kwa mafunzo kama mimi, alivaa glavu kushika chupa iliyofungwa. Nilimuuliza kama hali samaki. Akasema anampenda sana, mradi asiwe na macho.

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri, na hilo lazima niliseme. Samaki ana vijiwe ndani ya kichwa, nyuma ya ubongo, vya kusikilia na kumsaidia asiyumbe majini. Kijiwe hukua pamoja naye na kila mwaka huongeza pete moja, kama shina la mti. Unakitia kwenye gundi inayoganda kama kioo, unakikata kipande chembamba, unakisugua mpaka mwanga upenye, kisha unakiweka chini ya hadubini na kuhesabu. Mara ya kwanza nilipoziona zile pete, nyeupe na kijivu, nilisahau kumdharau kila mtu chumbani kwa muda wa kama nusu saa.

Vijiwe vilikuwa vya kambare, vyote kutoka kwetu. Mwaka uliotangulia, profesa alimwajiri bwana mmoja wa Garsen mwenye pikipiki awe anapita vijijini kununua vichwa vya samaki kwa wavuvi. Alivipasua katika chumba alichopanga, akatoa vijiwe, akavitia kwenye vichupa vyenye jina la kijiji na tarehe, vikasafirishwa. Kwa hiyo nilikaa kwenye kiti cha magurudumu, maelfu ya maili kutoka nyumbani, nikisoma kichupa baada ya kichupa: Chara, Kulesa, Chara, Chara.

Wiki ya tano nikagundua kitu. Vijiwe vyote vilikuwa vidogo kama ufuta. Kambare mzee kuliko wote katika vichupa vile alikuwa na pete nne.

Profesa alikuwa ameliona hilo pia, na lilimpa huzuni ya aina ile inayomfurahisha mtu msomi. Alituonyesha mchoro kwenye ukuta: mstari unapanda, unafika miaka mitatu, kisha unaporomoka hadi sifuri. Wakubwa wamekwisha, alisema. Wamevuliwa wote. Ziwa likiendelea hivi litabaki maji matupu. Akasema ripoti itapendekeza mamlaka zifunge uvuvi katika maziwa yale kwa muda, ili samaki wapumzike.

Ziwa lile ndilo jiko letu. Baba hana kingine, mto ukikataa mpunga. Na mimi pale kitini nilijua kwa nini wakubwa hawakuwemo katika vichupa.

Kwetu kichwa cha kambare mkubwa hakiuzwi. Usiniulize desturi ilianza lini. Yule mwenzangu wa glavu aliniuliza, nikamwona hana maana. Kambare ambaye kichwa chake peke yake kinajaza sinia hukatwa pale pale mtumbwi unapofunga, kabla wachuuzi hawajasogea. Sehemu kubwa ya kiwiliwili hubanikwa iende Garsen. Kichwa huenda nyumbani, kinapikwa kwa nazi, na huliwa na mtu mmoja, yule anayeisemea nyumba. Mla kichwa ndiye msemaji. Ukikila, siku ya kikao utasimama, utake usitake, na ukinyamaza watu watauliza kichwa kilikwenda tumbo gani. Wanawake na watoto hula mkia na mapande ya katikati. Kaka yangu alipewa chake alipooa.

Mimi nilipewa changu wiki ile barua ya chuo kikuu ilipofika. Baba aliligeuza sinia taratibu mpaka mdomo wa samaki ukanielekea mimi. Mama aliinama akawa anatafuta chumvi ambayo ilikuwa mbele yake. Kaka yangu, aliyefeli mtihani wa darasa la nane na tangu hapo nikawa simhesabu katika watu, aliendelea kula ugali wake. Nilikinyonya kichwa kile mfupa kwa mfupa. Ninavyojua, hakuna mwanamke mwingine nyumbani kwetu aliyewahi kukila.

Sasa bwana wa pikipiki alipokuja kutangaza kwamba ananunua vichwa, watu wakamletea walivyokuwa navyo: vichwa vya vidogo, vile tunavyowatupia paka. Walimshangaa mtu anayenunua chakula cha paka, wakamkusanyia kwa mabeseni. Hakuna aliyemdanganya. Aliomba vichwa, akapewa vichwa. Hakuuliza vingine viko wapi. Na beseni moja nililibeba mimi mwenyewe, nilikuwa likizo.

Nilimwendea mtafiti mwenye shahada ya uzamivu aliyekuwa akinisimamia kila siku, mama mmoja mkondefu wa baiskeli. Nikamweleza yote: kichwa, sinia, msemaji, paka. Alinisikiliza vizuri sana. Wanajua kusikiliza, hata kama hawajui kusikia.

"Inavutia," akasema. "Kuna chapisho lolote linalosema hivyo?"

Nikamwambia kuna baba yangu.

Akatabasamu. Akasema bila chapisho ni vigumu, ila labda tungeweza kuligusia mahali kama simulizi za wenyeji. Simulizi! Kitu nilichokila kwa meno yangu kimekuwa simulizi. Nikatoka nikaenda kunywa maziwa ya mtu, sijui ya nani, nikaimaliza chupa.

Alhamisi kulikuwa na kikao cha maabara. Niliandika maneno yangu kwenye karatasi usiku uliotangulia, nikayapanga, nikayakariri. Zamu yangu ilipofika, kabla sijafungua mdomo, profesa akasema ana habari njema. Kwa kazi niliyoifanya, jina langu litaandikwa katika chapisho, la tatu kutoka juu, na yeye mwenyewe ataniandikia barua ya kuniombea nafasi ya shahada ya uzamili. Wote wakagonga meza kwa vifundo vya vidole, ndivyo wanavyopongezana. Kisha akaniuliza kwa ule upole wake kama nina lolote la kuongeza.

"Hapana, asante," nikasema.

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi tangu siku ile, na sijapata namna ya kuyafanya yawe na maana nyingine. Sikutishwa na mtu. Mlango ulikuwa wazi. Karatasi yangu ilikuwa mfukoni.

Nilijiambia kwamba karatasi zao hazisomwi na mtu. Wataandika, watasomeana wenyewe kwa wenyewe, watagonga meza, basi. Hapo ndipo nilipokosea kuliko kote. Niliwadharau mno hata nikaamini maneno yao hayawezi kufika mbali. Mtu asiyejua kuosha kikombe atafungaje ziwa?

Siku ya mwisho nilisimama mbele ya bango lenye mchoro wa profesa na picha ya ziwa ambalo halikuwa letu, nikawaeleza wageni kwa Kiingereza safi kwamba kambare wakubwa wa delta ya Tana wamekwisha. Bibi mmoja alinishika mkono akaniambia pole.

Nikarudi. Garsen niliikuta pale pale nilipoiacha, nayo nikaidharau, sikutaka Ulaya ijione imepewa dharau yangu peke yake. Vumbi lile lile, mbuzi wale wale barabarani, na vijana wa bodaboda walioniita msomi wa majuu huku wakinipandishia nauli. Bwana wa pikipiki nilimkuta stendi.

"Sasa, msomi! Majuu wanasemaje?" akauliza. "Vile vichwa vyetu viliwafaa?"

"Viliwafaa sana."

"Poa. Wakitaka tena waseme tu, niko."

Nyumbani walikuwa wamenisubiri na kambare. Mgono, ule mtego wetu wa fito, ulikuwa umenasa dume ambalo Baba alilibeba begani, mkia ukimpiga magotini. Kichwa kililetwa sebuleni kikiwa kimezidi sinia kwa pande zote mbili, na Baba akaligeuza kama mara ile, mdomo ukanielekea. Majirani walikuwa wamejaa mlangoni. Nikala. Nilikuwa na njaa ya miezi mitatu na nilisema kimoyomoyo kwamba njaa haina kosa. Nilipofika nyuma ya fuvu jino langu likagonga kitu. Nikakitema kiganjani. Kilikuwa kijiwe, kikubwa kama punje ya mpunga. Pale maabara wangekitilia kufuli.

"Mfupa?" Mama akauliza.

"Mfupa," nikasema, nikakirusha uani. Kuku akakidonoa, akakitema, akaenda zake.

Ripoti ilitufikia mwaka uliofuata, nikiwa likizo. Maofisa wawili wa uvuvi walikuja na gari, bwana wa pikipiki akiwatangulia kuwaonyesha njia, na kikao kikafanyika katika darasa la chekechea. Wazee wakakaa kwenye vile viti vidogo, magoti yamefika kidevuni. Ofisa mkubwa alikuwa na viatu vinavyong'aa na namna ya kufunua kurasa kwa kulamba kidole. Akatueleza kwamba wataalamu wamechunguza kisayansi, samaki wakubwa hakuna tena, na kwa hiyo kuanzia mwezi ujao ziwa letu linafungwa miaka miwili, ndoana, migono na nyavu, vyote.

Watu wakaguna. Mzee mmoja akauliza samaki aliyemla juzi alikuwa mtoto wa nani. Ofisa akacheka naye kidogo, kisha akainua karatasi.

"Wala msiseme ni maneno ya wageni," akasema. "Jina la tatu hapa ni la binti yenu."

Akalisoma. Kilichofuata kinaniuma hadi leo: walinipigia makofi. Walikuwa wametoka kuambiwa jiko lao linafungwa, lakini jina la mtoto wao limo katika kitabu cha wakubwa, na mikono yao ikatangulia kabla vichwa havijafika. Baba alipiga makofi kuliko wote. Alisimama na kile kiti cha mtoto kikamganda nyuma, akakibandua, akasema, "Basi aliyekula kichwa aseme. Yeye ndiye wetu."

Nikasimama. Ofisa akaniangalia kama mtu anavyomwangalia mfanyakazi mwenzake. Nikasema kwamba matokeo ya utafiti wowote hutegemea sampuli, na kwamba sampuli nazo zina changamoto zake, na kwamba utafiti zaidi unahitajika. Kile Kiswahili sikukijifunzia Chara. Nikakaa. Ofisa akanishukuru kwa mchango wangu mzuri. Makofi hayakupigwa tena, kwa maana hakuna aliyejua kama nimemaliza.

Nyani haoni kundule. Miezi mitatu niliwacheka watu wanaosema maneno yasiyoshika kitu, na siku niliyohitajika niliyatoa yale yale, tena kwa ufasaha kuwashinda.

Baba hakuniuliza njiani. Alisubiri tufike, akanawa miguu, akakaa kizingitini.

"Walihesabu nini hasa?"

"Vichwa. Ndani yake kuna vijiwe vinavyoonyesha umri."

"Vichwa gani?"

"Vile tulivyomuuzia bwana wa pikipiki."

"Vya paka."

"Ndiyo, Baba."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Ukawaambia?"

"Nilimwambia mmoja. Akaniuliza hayo yameandikwa wapi."

Baba alilifikiria hilo kwa makini, kama jambo la haki kabisa ambalo mtu anaweza kuuliza.

"Si ungeyaandika wewe?" akasema. "Si ndiko tulikokupeleka?"

Hakupandisha sauti. Angenipiga ningekuwa na kitu cha kumlaumu.

Kesho yake alfajiri alitoka. Nilidhani amekwenda kutega, kumbe alikuwa anapita nyumba kwa nyumba. Sijui aliwaambia nini. Ninachojua ni kwamba kwa siku sita zilizofuata, Chara haikula kichwa. Kila mtumbwi ulipofunga, kichwa kilikatwa kama kawaida, lakini kililetwa kwetu, kikawekwa kwenye pipa la chumvi ambalo Baba alilifunika kwa gunia na kuliwekea jiwe juu. Wazee waliokuwa wamekaa mwaka mzima wakingojea kichwa walileta vya kwao wenyewe. Mmoja alikileta akiwa analia kidogo, akasingizia moshi.

Siku ya saba Baba alimwita bwana wa pikipiki. Alipofunuliwa pipa alirudi nyuma hatua mbili.

"Ala! Mzee, hawa mlikuwa mmewaficha wapi?"

"Tuliwala," Baba akasema.

"Sasa ni bei gani?"

"Haviuzwi. Wapelekee wakahesabu. Na uandike kila kimoja kimetoka wapi, na nani alikitoa."

Nikaingia ndani mbio nikatoka na kalamu na daftari. Kuandika vibandiko nilikujua kuliko mtu yeyote pale; ndiyo nusu ya kazi niliyokuwa nimeifanya miezi mitatu kwa watu wengine. Nilipiga goti kando ya pipa, nikafungua ukurasa mpya.

"Acha," Baba akasema. Hakuniangalia. "Huyu bwana anajua kuandika."

Bwana wa pikipiki akaichukua kalamu mkononi mwangu kwa aibu, akaanza. Mwandiko wake ni mbaya, ila alimuuliza kila mwenye kichwa jina lake, jina la babu yake, na mahali alipotega, akayaweka yote.

Mchana ule tulikula wote sebuleni. Mapande yalikuwa makubwa, mchuzi mzito wa nazi, na mahali pa kichwa kwenye sinia palikuwa patupu. Hakuna aliyepageuza kuelekea kwa mtu. Mama akaanza kugawa, akafika kwangu, akasita, akamtazama Baba. Baba alikuwa anakata tonge lake.

Akaniwekea mkia.

Kaka yangu aliuona. Nilingoja acheke, kwa miaka yote niliyomdharau alikuwa nayo haki. Akasukuma bakuli la mchuzi upande wangu, nisije nikaula mkavu.